Woga Usio na Mbwa

Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mikono yako iko kwenye migongo ya wateja na si kwenye masikio ya shemeji. Mimi ni mzima wa kusimama, wa kula, na wa kucheka wenzangu wakicheka. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Kwenye simu siwezi kuyasema, maana tunalala watu sita chumba kimoja na hakuna hata mmoja anayejifanya hasikii.

Dada, nimekuwa mwoga.

Usicheke kwanza. Unaijua kazi yangu. Napaka rangi majengo marefu kwa nje, nimekalia ubao, kamba mbili juu, ndoo pembeni, miguu inaning'inia hewani. Wenzangu wananiita Popo kwa sababu huko juu nakaa kama niko sebuleni kwangu. Nimekula huko, nimeimba huko, siku moja nilisinzia huko mpaka msimamizi akanitupia maneno ambayo siwezi kukuandikia wewe.

Sasa wiki iliyopita tulikuwa juu ya paa la jengo moja la ofisi. Nikavaa mkanda wa usalama, nikaukaza kiunoni kama kila siku, nikainama kukagua fundo. Hapo hapo kitu kikanishika. Moyo ukaanza kwenda mbio, kichwa kikagonga, jasho la baridi likanilowesha shati lote. Nikatazama mikono yangu, imekuwa ya kijivu kama ya maiti. Na juu ya yote hayo ikaja hofu, dada, hofu ambayo sijawahi kuionja. Si hofu ya kuanguka. Nilijua tu kwamba nakufa, sasa hivi, na sikujua nauawa na nini. Nikakaa chini juu ya lile paa nimekumbatia bomba la maji.

Ikapita. Kifaru, yule mwenzangu mnene niliyewahi kukusimulia, akasema Popo kapigwa na jua. Wakacheka, nikacheka. Lakini imerudi tena na tena. Juzi imenikuta katikati ya jengo, nikagandia ukuta huku rangi inamwagika chini. Ndani ya ofisi, upande wa pili wa kioo, kulikuwa na mama mmoja mtu mzima. Aliacha kazi yake akaja akaweka kiganja chake kwenye kioo, mkabala na changu, akakaa hivyo hivyo mpaka nikatulia. Hata asante sikuweza kumwambia.

Wewe ndiye uliyenilea. Niambie kweli, usinifiche: Baba alianza hivi hivi?

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kwa makusudi apate kukandwa, nami najifanya sisikii. Mimi mzima, ukiondoa uzee ambao umenijia kabla sijauita: siku hizi nikiinama sana juu ya mkeka kumkanda mtu, jasho linanitoka na kichwa kinanigonga, mpaka mteja ananiuliza kati yetu mgonjwa ni nani. Ndiyo kazi, tutafanyaje.

Haya, turudi kwako. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana mdogo wangu. Halafu ukome. Neno hilo ulilojiita usilirudie mbele yangu, wala kwenye karatasi. Mtu mwoga hakai kwenye ubao ghorofa ya kumi akaimba.

Umeniuliza habari za Baba. Wewe ulikuwa bado unanyonya kidole, mengi umeyasikia mtaani, na mtaani walisema walichotaka. Baba alikuwa mlinzi wa yadi ya mbao, miaka nenda miaka rudi, na hakuna mwizi aliyewahi kutoka na hata ubao mmoja. Siku aliyokufa walimkuta kwenye kibanda cha getini, buti moja limeingia mguuni, la pili liko mkononi, na kijibwa cha jirani kinamlamba sikio. Basi, ikawa ndiyo habari ya mjini. Mlinzi kafa kwa kuogopa kijibwa! Tulikwenda kisimani wanabweka. Mtoto wa fundi viatu alibweka mbele yangu mara moja tu, akarudi kwao na jino mkononi.

Lakini umesema nisikufiche. Ni kweli, kulikuwa na siku Baba alikuwa anaegemea ukuta ghafla, kalowa chapachapa, macho yamemtoka, anasema, "Inapita, inapita." Mama alikuwa anamwambia ana mawazo mengi. Nami nakwambia hivyo hivyo: una mawazo. Unakula wapi, unalala saa ngapi, nani anakusumbua? Nenda zahanati wakupime, usinisubiri mimi. Ukimaliza niandikie, na uandike kila kitu, si unikatie nusu kama kawaida yako.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujambo na uchovu? Huo uzee wako unaousema, pumzika basi, hao wateja hawatakimbia. Mimi nashukuru kwamba naandika.

Nilikwenda zahanati kama ulivyoniamuru. Daktari ni kijana, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama mlango. Akanipima presha, ikawa nzuri. Akasikiliza moyo, mzuri. Akaniambia mwili wa kila mtu una kengele yake. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, zinaitwa tezi za adrenali. Ukikutana na mbwa mkali njiani, zile tezi zinamwaga kwenye damu homoni inaitwa adrenalini. Moyo unakimbia, mishipa ya ngozi inabana ndiyo maana unapauka, jasho linatoka, damu inakwenda kwenye misuli upate kukimbia au kupigana. Mbwa akiondoka, kengele inazima. Lakini mtu mwenye msongo wa mawazo siku nyingi, tezi hazipumziki. Kuna homoni nyingine, kotisoli, inabaki juu juu, usingizi unaharibika, presha inapanda, na kengele inakuwa nyepesi, inalia hata kwa paka. Akasema yangu imekuwa hivyo. Nipumzike, nisipande juu kwa muda.

Nilifurahi, dada. Nilitoka pale nikijua kitu changu kina jina.

Msimamizi akanishusha chini nichanganye rangi. Aibu niliimeza. Popo anakoroga ndoo, Kifaru ananing'inia, dunia imepinduka. Siku mbili tatu nikawa mzima. Siku ya nne nikainama kunyanyua ndoo, na ikanishika pale pale, mbaya kuliko zote. Nilikuwa chini, dada! Nimesimama kwenye udongo, hakuna urefu, hakuna mbwa, hakuna hata paka. Nilitapika kwenye mchanga wa watu.

Tangu hapo nimeanza kuangalia. Nikiinama kufunga kamba za viatu, inakuja. Nikikaza mkanda, inakuja. Nikicheka sana tumbo likajikaza, inataka kuja. Sasa navaa ndala, na suruali naishika kwa mkono. Naogopa viatu vyangu mwenyewe. Nikiviona pale chini ya kitanda, namwona Baba na buti lake mkononi.

Naogopa, dada. Sijui niseme vipi tena. Naogopa.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 11 Aprili

Kitinda,

Sina salamu ndefu leo. Marahaba, na uje nyumbani.

Nimemsomea shemeji yako barua yako, naye amekwenda kuuliza saa za basi. Omba ruhusa upande basi. Wakikataa, panda vile vile. Hao wa kuchanganya rangi watapatikana wengine, mdogo wangu nimepewa mmoja.

Utafika, utakula, utalala, halafu nitakukanda. Nimekanda wazazi waliolala wiki nzima wamejikunja, nimekanda wacheza mpira waliobebwa juu ya mlango kama machela, hakuna fundo lililowahi kunishinda. Woga ukikaa mwilini siku nyingi unajikunja tumboni, kwenye mbavu za kushoto, mkono wangu unaujua. Nikiupata naubonyeza taratibu, naubonyeza mpaka unaachia. Nilijifunza kazi hii baada ya Baba kuondoka, na kila mtu ninayemkanda huwa nasema moyoni, laiti ningeijua mapema.

Mafuta nimeshayapasha. Mkeka nimeutandika. Usivae viatu, uje na ndala zako.

Dada yako anayekusubiri


Tarehe 9 Mei, hospitali kuu

Dada,

Shikamoo. Naandika nimelala, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Mimi ni mzima. Nalisema mwanzo kabisa ili usome hayo mengine umetulia: mdogo wako ni mzima, anaongea, anakula, ananuna chakula kikichelewa.

Uliondoka pale wodini, hospitali ya kwetu, bila kuniaga. Shemeji ndiye aliyenipandisha kwenye gari la wagonjwa lililonileta huku. Nilikuwa nakutafuta kwa macho, akaniambia umekaa nyuma ya jengo umeweka mikono kwapani, hutaki kuitoa. Dada, naomba uitoe. Kaa vizuri nikueleze kilichotokea, maana naona wewe umeondoka na hadithi yako, na hadithi yako siyo.

Nakumbuka yote. Nakumbuka mkeka, na mafuta, na jinsi ulivyonipiga kofi begani ukisema nimekonda nimebaki kamba na fundo. Ulianza mgongoni nikasinzia. Ukanigeuza. Ukapita tumboni polepole, ukasimama kwenye mbavu za kushoto, ukasema, "Hapa. Nimelipata." Ukabonyeza. Halafu nakumbuka uso wako, umenikodolea macho, na mimi nimeshindwa hata kupiga kelele. Kichwa kilitaka kupasuka. Nilikuona unaondoa mikono kama uliyeshika mkaa. Shemeji akakimbilia lile gari la jirani la kubebea mchanga.

Sasa sikiliza. Hospitali tulifika bado imenishika. Nesi alinipima presha, akatazama mashine, akaitikisa. Akaenda kuleta nyingine. Ile nyingine ilimfanya amwite daktari kwa kukimbia. Siku zote nilizowahi kupimwa, nilipimwa nimetulia, kengele imezima, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu. Wewe ndiye wa kwanza kunifikisha mbele ya mashine kengele ikiwa inalia.

Hapa hospitali kuu wamenipiga picha za ndani. Daktari wangu ni mama mfupi, anaongea polepole, anashika kalamu sikioni kama fundi seremala. Alinionyesha. Juu ya figo la kushoto, ile tezi ya adrenali imeota uvimbe, ukubwa wa ndimu. Akasema, "Tezi ya mtu mwingine inamwaga homoni akimwona mbwa. Yako inamwaga ikibonyezwa. Ukiinama, ukikaza mkanda, ukibeba ndoo, unaifinya, nayo inamwaga adrenalini ya mbwa kumi kwa mpigo. Mbwa wenyewe hawapo. Woga unaousikia ni wa kweli, mwili unauona kabisa, ila hauna sababu nje ya hiyo ndimu." Si mawazo. Si moyo wangu mbovu. Si tabia.

Nikamuuliza kuhusu kukandwa. Akaitoa kalamu sikioni. Akasema, "Aliyekubonyeza angeendelea kidogo tu, ungekufia mkononi mwake." Akaongeza, "Na asingekubonyeza, ungekufa siku moja unafunga viatu, na watu wangesema kashtuka tu."

Hapo nililia, dada, mbele ya wanafunzi wake wote. Nilimlilia Baba. Alikuwa anavaa buti! Aliinama kuvaa buti, basi. Kile kijibwa kilikuja baada ya kila kitu, kikamkuta, kikamlamba. Tumekisingizia miaka yote hii.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Daktari aliniuliza habari za wazazi, nikamweleza. Akauliza kama nina ndugu. Anasema ugonjwa huu mara nyingine unatembea kwenye damu ya ukoo, baba kwa watoto, na anataka akuone. Ni kupimwa tu. Atakuuliza maswali: kama moyo unakwenda mbio, kama kichwa kinagonga, kama unatokwa jasho la baridi, kama unapauka. Utamjibu hapana, hapana, hapana, mtakunywa chai, basi. Njoo.

Mdogo wako uliyemwokoa,
Kitinda


Tarehe 23 Mei, hospitali kuu

Dada,

Shikamoo. Barua yangu uliipata? Sijaona jibu.

Napiga simu, shemeji anapokea, anasema, "Ametoka kidogo." Nikipiga asubuhi umetoka kidogo. Nikipiga jioni umetoka kidogo. Dada, mtu anatoka kidogo wiki nzima? Na shemeji hajui kudanganya, sauti yake inapanda kama ya mtoto.

Kama umenikasirikia, nikosoe. Kama umejikasirikia mwenyewe, basi soma tena barua yangu iliyopita.

Huku wananiandaa. Hawawezi kunipasua hivi hivi. Napewa vidonge vya kulegeza mishipa, kila siku wanaongeza kidogo, napewa maji mengi na chakula chenye chumvi mpaka mishipa ijae vizuri. Pua imeziba kwa sababu ya hivyo vidonge, nikisimama haraka naona nyota. Juu ya kitanda changu wamebandika karatasi kubwa: HUYU ASIBONYEZWE TUMBO. Wagonjwa wenzangu wananiita Yai. Kutoka Popo mpaka Yai, sijui nitaishia wapi.

Natania lakini naogopa, na safari hii woga ni wangu mwenyewe, tezi haihusiki. Daktari hakunificha. Alisema wakati wa kuutoa ule uvimbe ni lazima mikono iuguse, na ukiguswa unaweza kumwaga kila ulichonacho, presha ikapanda mpaka juu kabisa. Halafu wakishaukata, presha inaweza kuanguka chini ghafla. Kutakuwa na mtu kazi yake ni hiyo tu, kukaa kichwani kwangu na dawa mkononi, hii ya kushusha, hii ya kupandisha. Nikamuuliza kama watu huwa wanaamka. Akasema wengi wanaamka. Nilitaka aseme wote.

Dada, sitaki kuingia mle ndani sijasikia sauti yako. Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie matusi. Niite mwoga kama unataka, mimi nitafurahi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 12 Juni, hospitali kuu

Dada,

Nimeamka.

Shikamoo. Samahani, ilibidi hilo litangulie. Nimeamka, nina kidonda upande wa kushoto kinachouma nikikohoa, na ndimu yangu iko kwenye chupa, wanafunzi wanaitazama zamu kwa zamu. Wameniambia mle ndani ilifanya vituko vyake. Walipoigusa presha ilipaa, yule mtu wa kichwani akapambana nayo, walipoikata ikaporomoka, akapambana nayo tena. Alikuja kunisalimia jana, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, nikamshika mkono. Tezi ya kulia imebaki, daktari anasema inanitosha.

Nilikaa kitandani leo asubuhi, nikainama taratibu kutafuta ndala. Nikasubiri. Hakuna kitu. Nikainama tena. Hakuna kitu kabisa, dada. Niliinama kama mtu anayecheza mpaka nesi akanifokea kwa ajili ya nyuzi zangu.

Basi nikasema nikuandikie habari njema. Nikazitoa barua zako mbili nilizokuja nazo, nizisome kwanza nipate raha. Raha yenyewe imeniishia kwenye ile ya kwanza.

"Siku hizi nikiinama sana juu ya mkeka kumkanda mtu, jasho linanitoka na kichwa kinanigonga." Ni mwandiko wako. Uliniandikia tangu Machi, ukakiita kitu hicho uzee. Mimi nikakujibu upumzike.

Una umri gani wewe wa kuwa mzee? Tangu saa hiyo sijala. Nimeikumbuka barua niliyokuandikia Mei, yale maswali ya daktari niliyokuorodheshea moja moja, nikaandika kwa mkono wangu kwamba utajibu hapana, hapana, hapana. Uliyasoma. Uliyasoma na majibu yako yalikuwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, na ndiyo maana umetoka kidogo.

Na kazi yako yote ni kuinama. Kutwa nzima umeinama, tumbo limekunjwa, unabonyeza watu na unajibonyeza mwenyewe. Dada, acha. Ukipokea barua hii umemshika mtu, mwachie hapo hapo. Usinyanyue ndoo. Viatu akufunge shemeji. Usikubali mtu yeyote akukande, hata yule mwanafunzi wako unayemfundisha kukanda. Panda basi, ukae wima, uje.

Niambie nimekosea. Nicheke, uniambie Kitinda umepasuliwa tumbo lakini akili ndiyo imetoka. Nakuomba. Nimetolewa ile tezi ya woga na leo naogopa kuliko siku zote nilizokuwa nayo.

Barua hii nampa nesi aiwahishe posta.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 12 Juni, wodi ya wanawake, ghorofa ya chini

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni za barua zote ambazo sikukujibu.

Barua yako haijafika posta. Nesi aliisoma anwani, akasoma jina la ukoo, akashuka nayo ngazi akaniletea kitandani. Alisema, "Mama, hii haihitaji stempu." Niko chini yako, mdogo wangu. Usishtuke. Ukishtuka sasa hivi ni haki yako, lakini kaa chini kwanza uendelee kusoma.

Hukukosea. Laiti ungekosea.

Barua yako ya Mei niliisoma jikoni. Nilipofika kwenye maswali nikaufunga mlango. Nilikuwa nimejificha kwa sababu ya mikono yangu, kwamba ilikaribia kukuua, na mara nikaona kuna kitu kingine cha kujificha. Nikawa namwambia shemeji yako aseme nimetoka kidogo, naye maskini anasema huku jasho linamtoka. Nilidhani nisipokwenda kupimwa, basi hakuna kitu. Mimi niliyekwambia wewe "nenda zahanati usinisubiri." Kuamuru ninajua sana, unanijua.

Halafu ikaja ya pili, ile ya Yai. Nikasema huyu hawezi kuingia mle ndani hana mtu mlangoni. Nikapanda basi. Nilitaka nifike, nikae kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, ukitoka uone uso wangu. Nimefika hapo mapokezi, mkoba ukanidondoka, nikainama kuuokota. Kilichofuata nilisimuliwa. Wanasema nesi aliyenipima aliitikisa mashine, akaenda kuleta nyingine. Nilicheka waliponiambia. Nilicheka nikalia.

Niliwaapisha wasikuambie. Daktari wako wa kalamu alikubali, akasema wewe ukishtuka kabla ya kisu ni hatari, akawafunga midomo wote. Basi siku yako nililala hapa nasikiliza magurudumu ya vitanda huko juu. Kila kilichopita nilisema ni wewe. Nilikuwa na karatasi kama ile yako juu ya kitanda changu pia, nisibonyezwe, nikasema kumbe leo na mimi ni yai. Jioni daktari alishuka mwenyewe, akasimama mlangoni, akainua kidole gumba. Sijawahi kumpenda mtu mfupi kiasi kile.

Sasa nikueleze langu, na nisikukatie nusu. Mimi ni pande zote mbili. Kushoto na kulia. Watazitoa zote, na nisipokuwa nazo nitameza vidonge kila siku ya maisha yangu, kwa sababu kumbe zile tezi hazipigi kengele tu. Ile kotisoli uliyoniandikia, ndiyo inayomfanya mtu asimame asubuhi, na bila hiyo hata mafua yanaweza kuniondoa. Daktari anasema watu wanaishi hivyo wakazeeka. Nikamuuliza wote? Akaniangalia, akasema, "Wewe na mdogo wako mmelelewa nyumba moja kweli."

Mikono yangu imetulia. Nimeitoa kwapani. Lakini naogopa, Kitinda. Nimewabeba watu wote tangu nikiwa na miaka kumi na minne, nimekupiga, nimekulisha, nimekutoa mtaani wakibweka, sikuwahi kukuambia neno hili kwa sababu nilidhani nikilisema nyumba itaanguka. Naogopa sana. Naogopa kama Baba pale ukutani, na hakuna wa kuniambia inapita.

Daktari amesema kesho unaweza kutembea kidogo. Tembea kuja huku. Shuka kwa ngazi, polepole, ukishika ukuta, usijifanye Popo. Uje ukae hapa kwenye kiti, uniambie inapita. Nishike mkono.

Tumbo usiliguse.

Dada yako, hapa chini